SOMO KWA MAKATIBU: Kutafuta na Kutunza Vipuri Adimu vya Gari la Chama

Chama cha msingi chenye pikapu ya zamani aina ya Land Rover Series III kina mali ya kutunzwa. Gari hilo lilitengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985. Kwa hiyo kila kipuri cha asili kinachotupwa ni pengo lisilozibika kwa urahisi. Gari likisimama wakati wa mavuno kwa kukosa gia moja, mazao ya wanachama hubaki ghalani, na gari la kukodi hulipwa kwa fedha zilezile ambazo zingemfikia mkulima.

1. Kulijua gari

Kosa la kwanza ni kumtuma mjumbe mjini kwa maneno haya tu: "Lete beringi za Land Rover." Injini ya lita 2.25 ilibadilishwa mwaka 1980: krankshafti iliyokuwa ikishikwa na beringi kuu tatu ikawekewa tano. Kwa nje injini hizo hufanana, lakini krankshafti ya moja haiingii katika nyingine. Tena, gari la umri huo huenda limekwisha kuwekewa injini au giaboksi ya gari jingine. Kwa sababu hiyo, katibu na aandike nambari ya chesisi, ya injini na ya giaboksi, kila moja kama ilivyogongwa kwenye chuma chenyewe, wala asitegemee kadi ya gari peke yake. Mjumbe naye aende na kipuri kilichovunjika, kwani hicho ndicho kipimo.

2. Kununua

Vipuri vipya vya Series III bado hutengenezwa na viwanda mbalimbali, ila ubora wake haulingani. Kipuri kipya kilinganishwe na cha zamani kwa upana, urefu na idadi ya meno kabla ya fedha kutolewa. Likipatikana gari bovu la aina hiyohiyo, Kamati ipime kama kulinunua zima si nafuu kuliko kununua kipande kimoja kimoja. Muuzaji aonyeshe hati za gari na atoe stakabadhi. Kipuri kinachouzwa gizani huenda kimeng'olewa katika gari la chama jirani.

3. Kuhifadhi

Akiba haiozi, lakini chuma hushika kutu. Gia na shafti zisafishwe, zipakwe oili, zifungwe kwa karatasi ya nta na kuwekwa juu ya rafu, si sakafuni. Beringi mpya isifunguliwe mpaka siku ya kufungwa. Mipira ya breki iwekwe mbali na jua na isiguswe na oili ya injini, kwani huvimba na kuharibika. Gasketi zilazwe bila kukunjwa.

Vipo vipuri visivyotenganishwa. Gia kubwa na gia ndogo za ndani ya difu hulinganishwa zikiwa jozi; ukibadilisha moja peke yake, difu hulia na meno huliwa upesi. Vifuniko vya beringi kuu za injini navyo vitiwe alama, kila kimoja kirudi mahali pake.

4. Kuandika

Kila kipuri kiwe na kibandiko na kadi ya stoo inayoonyesha jina, nambari, tarehe ya kupokelewa, kilikotoka na saini ya aliyekichukua. Gereji isilipwe kabla ya kurudisha kipuri cha zamani. Kipuri hicho kinaweza kukarabatiwa, au kuwa kielelezo kwa fundi wa kuchonga vyuma. Kisiuzwe kama chuma chakavu bila idhini ya Kamati iliyoandikwa katika kumbukumbu za mkutano.

Katibu mwaminifu asione kadi hizo kuwa ni dalili ya kushukiwa. Siku wanachama watakapouliza giaboksi ya akiba imekwenda wapi, kadi ndiyo itakayomsemea. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Maswali ya kujadili

1. Je, nambari za injini na giaboksi ya gari la chama chenu zinalingana na zilizoandikwa katika kadi yake?
2. Vipuri vilivyotolewa katika matengenezo ya mwisho viko wapi leo?
3. Ni kipuri gani kikivunjika kesho kitalisimamisha gari msimu mzima, na Kamati imeweka akiba gani?