KINA CHA MAJI HUPIMWAJE?



Mkulima wa Bariadi anaweza kuuliza: kupima bahari kunanihusu nini, nami nalima pamba na kufuga ng'ombe? Lakini mkoa wetu wa Simiyu una ziwa. Lamadi na Nyashimo, kule Busega, ziko karibu na Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria. Huku kwetu tuna malambo. Kazi ya kupima ni ile ile.

Nahodha haoni chini ya maji. Hutegemea ramani ya majini, iliyojaa tarakimu. Kila tarakimu ni kina cha maji mahali pale. Ikiandikwa meta 8 penye meta 2, chombo kitapanda mwamba na watu watakufa. Yapata mwaka 1900 Mwingereza mmoja, Kamanda Whitehouse, alizunguka Ziwa Victoria akilipima. Wapimaji wa siku hizo walitumia kamba yenye risasi nzito mwishoni. Mabaharia wa pwani huiita bildi.

Siku hizi chombo hupeleka sauti chini na kusikiliza mwangwi. Sauti hukimbia majini kama meta 1,500 kwa sekunde. Tuseme imekwenda na kurudi kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Imesafiri meta 150. Gawa kwa 2, maana ni kwenda na kurudi: kina ni meta 75. Ziwa letu, mahali penye kina kuliko pote, lina kama meta 80.

Sasa tuseme mnataka kupima lambo la kijiji. Msikimbilie mtumbwi. Kwanza lichoreni kwenye karatasi, halafu chora mistari kutoka ukingo hadi ukingo, kama matuta shambani. Ongezeni mistari miwili inayokata ile ya kwanza. Panapokutana mistari, vipimo viwili lazima vilingane. Visipolingana, rudieni.

Mpiga kasia atafuataje mstari usioonekana? Simikeni miti miwili ng'ambo, mmoja nyuma ya mwingine. Akiuona mmoja tu, yuko sawa. Akiiona yote miwili, amepotoka. Wapimaji wa baharini hutumia setelaiti, lakini miti haihitaji betri.

Jambo la tatu ndilo lililoniaibisha. Mwaka mmoja tulipima lambo la kijiji fulani mwezi Aprili. Nikaandika "meta 3", bila tarehe, bila kuweka alama ukingoni. Mwezi Julai kamati ilisoma karatasi yangu. Waliona maji yameshuka, lakini hakuna aliyejua yameshuka kiasi gani. Wakakubali ng'ombe wa kijiji jirani waje kunywa. Agosti mifugo ilikuwa inakanyaga tope. Mzee mmoja akaniuliza, "Mwalimu, meta zako tatu ziko wapi?" Sikuwa na jibu.

Maji hayatulii. Pale Dar es Salaam bahari hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti hupita meta 3. Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya meta 2 kati ya mwaka 1961 na 1964. Mei 2020 likaipita hata alama ile ya 1964. Kwa hiyo mpimaji husimika ufito wenye sentimeta ukingoni, na mtu mmoja hubaki akiusoma na kuandika saa. Kisha vipimo vyote hupunguzwa hadi kimo kimoja, kile cha kiangazi kikali. Ufito ukisoma sentimeta 120, na kimo cha kiangazi ni 20, toa meta 1. Kamba iliyosoma meta 3 itaandikwa 2.

Watakaoingia mtumbwini wawe wanaojua kuogelea, na wavae maboya. Watoto wabaki mbali.

ZOEZI LA KIKUNDI: Kamba imesoma meta 4. Ufito unasoma sentimeta 150. Kimo cha kiangazi ni sentimeta 30. Mtaandika kina gani kwenye ramani? Na karatasi yenu ina tarehe?