SOMO LA WIKI: Diski kubwa si kinga ya hasara

Mkulima wa Ikungi anayeuza dengu kwa mfumo wa stakabadhi ghalani haondoki ghalani na fedha. Huondoka na karatasi inayoonyesha kilo zake, na malipo hufuata baada ya mnada. Katika siku hizo za kusubiri, jasho lake la msimu mzima ni maandishi tu: karatasi iliyo mfukoni mwake na rekodi iliyobaki kwenye chama. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la siku hizi linazidi kuhamia ndani ya kompyuta.

Hapo ndipo linapozuka swali la manunuzi. Chama cha msingi, SACCOS au mfanyabiashara wa mazao mwenye mtaji mdogo anunue diski ya aina gani kwa ajili ya seva ya hifadhidata yake, ili bei iwe nafuu na rekodi ziwe salama? Wanunuzi wengi huanza kwa kuuliza ukubwa. Hesabu inaonyesha kuwa hilo ndilo swali la mwisho.

Haja kwanza, bei baadaye

Chukuliwe mfano wa chama chenye wanachama 2,000, kila mmoja akipima mzigo mara 20 kwa msimu. Hizo ni rekodi 40,000. Rekodi yenye namba ya mwanachama, tarehe, kilo, bei na makato inatosha kwa baiti 500. Msimu mzima basi ni baiti milioni 20, yaani MB 20. Zikijumlishwa faharasa za programu na misimu 10, bado jumla haifiki GB 1.

Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka 5. Kwa kazi hiyo, hata diski ya GB 240 ni ghala lililo karibu tupu. Anayelipia TB 4 amenunua nafasi ambayo hataitumia, na fedha hizo ndizo zingemnunulia kinga.

Hatari iko kwenye umeme

Programu za hifadhidata kama PostgreSQL na MySQL huandika kila muamala kwanza katika shajara, kisha huisubiri diski iseme kwamba maandishi yamefika. Jibu likija, karani huona kilo zimeingia na humpa mkulima karatasi yake.

Tatizo ni kwamba diski hupokea maandishi kwanza katika kumbukumbu ya muda iliyo ndani yake, na kumbukumbu hiyo hufutika umeme ukikatika. Baadhi ya diski za bei rahisi hujibu kuwa maandishi yamefika kabla hayajafika mahali pa kudumu. Umeme ukikatika sekunde hiyo, karatasi ya mkulima inasema kilo 480 na kompyuta haina habari. Fundi anayezima usubirishaji huo katika programu ili kuongeza kasi anaialika hasara ileile.

Aina za diski

Diski ya sahani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, sawa na mara 120 kwa sekunde. Kasi hiyo inatosha ofisi yenye mizani mbili au tatu, na kwa kila GB ndiyo rahisi zaidi. Udhaifu wake ni kwamba ina sehemu zinazochakaa na haistahimili kutikiswa ikiwa kazini.

Diski ya SSD haina kitu kinachozunguka. Wanunuzi huogopa kwamba huisha kwa kuandikwa mara nyingi. SSD ya GB 500 mara nyingi hupewa dhamana ya kuandikwa TB 150 au zaidi. Seva inayoandika GB 10 kwa siku, ambazo ni nyingi mno kwa chama kama hicho, ingehitaji siku 15,000 kuzimaliza, yaani miaka 41. Hofu hiyo basi haina uzito.

Swali lenye uzito ni kama SSD ina kapasita za kuikinga umeme unapokatika. Kapasita hizo hubaki na chaji ya kutosha kumalizia maandishi yaliyo njiani. Zimo katika SSD nyingi za daraja la seva, ambazo hupatikana hata kwa ukubwa mdogo. Asiyezimudu anunue za kawaida, lakini asizitumie bila UPS iliyounganishwa na seva kwa waya wa USB, ili seva ijizime yenyewe kabla betri haijaisha.

Pacha si akiba

Watengenezaji wa diski huandika kwamba diski hudumu wastani wa saa 1,000,000. Hiyo ni miaka 114, sawa na diski moja kuharibika kwa mwaka katika kila 114. Mwaka 2007, watafiti Bianca Schroeder na Garth Gibson wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walichunguza diski zipatazo 100,000 zilizokuwa kazini. Walikuta kuwa kubadilishwa kwa diski 2 hadi 4 katika kila 100 kwa mwaka ni jambo la kawaida.

Kwa hiyo zinunuliwe diski mbili ziandikwe kwa pamoja, mpango uitwao RAID 1. Mfumo wa Linux hufanya kazi hiyo bila malipo ya ziada. Ni busara diski hizo zisitoke katika shehena moja, na ya tatu iwekwe kabatini, kwa kuwa diski ya kuagizwa Dodoma au Dar es Salaam haifiki Ikungi saa ileile chama kinapoihitaji.

Hata hivyo, karani akifuta rekodi kwa makosa, pacha naye hufuta papo hapo. Radi au mwizi huchukua zote mbili. Dawa ni nakala ya akiba: diski mbili za nje zinazopokezana, moja ofisini na nyingine nje ya jengo. Nakala ya MB chache inaweza pia kutumwa kila jioni kwa mtandao wa simu, ikiwa imefungwa kwa nywila.

Nakala isiyojaribiwa haina thamani. Tarehe 31 Januari 2017, kampuni ya GitLab, yenye wataalamu wa kutosha, ilifuta kwa makosa hifadhidata yake kuu. Ilikuwa na njia tano za kutunza nakala, na hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi ipasavyo. Ilipoteza data za saa 6 hivi. Kila mwezi, basi, nakala ifunguliwe kwenye kompyuta nyingine na jumla ya kilo ilinganishwe na vitabu.

Ya kumuuliza muuzaji

1. Je, SSD hii ina kinga ya kukatika kwa umeme, na imeandikwa hivyo katika karatasi ya mtengenezaji?
2. Imeshatumika saa ngapi? Programu ya smartctl huonyesha saa hizo, na diski inayoitwa mpya haipaswi kuwa na maelfu.
3. Dhamana ni ya miaka mingapi, na inadaiwa kwa nani?

Diski mbovu isirudishwe wala kutupwa na majina ya wanachama ndani yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka mwenye rekodi azilinde. Njia rahisi ni kuzifunga kwa nywila tangu siku ya kwanza.

Zoezi

Chama kina fedha za kununua ama diski moja ya TB 4, ama SSD mbili za GB 240, UPS ndogo na diski mbili za nje. Umeme umekatika saa 9 alasiri, foleni ya mizani ikiwa ndefu. Mhasibu aandike ni rekodi zipi zitasalimika katika kila hali, kisha ndipo aombe ankara kifani kwa wauzaji watatu.