Umealikwa Gofu ya Hisani na Hujui Kushika Fimbo?

Wadogo zangu, leo najibu swali moja tu, maana wengi mmeniletea lile lile kwa sura tofauti. Aliyelieleza vizuri zaidi ni mdogo wangu wa Dar es Salaam mwenye kampuni changa ya kuchapa fulana na mabango. Benki yake imemwalika kwenye mashindano ya gofu ya hisani, na fedha zitakazopatikana zitalipia upasuaji wa watoto. Yeye gofu ameiona kwenye televisheni tu, tena akibadilisha chaneli. Anauliza aende kufanya nini, na akienda atarudije na wateja.

Nenda. Hilo la kwanza nalijibu bila kupepesa macho. Hilo la wateja liache nyumbani pamoja na vipeperushi vyako.

Uijue kwanza siku yenyewe. Uwanja kamili una mashimo 18, na mashindano ya namna hii mara nyingi huwaanzisha watu wote kwa wakati mmoja, kila kundi kwenye shimo lake, ili wamalize pamoja na wale pamoja. Kundi ni watu wanne. Makundi mawili kwa kila shimo ni makundi 36, yaani watu 144. Najua ukisikia hesabu hiyo unaanza kuota namba 144 mpya kwenye simu. Futa. Wewe utakuwa na watu watatu, kwa muda wa saa nne hadi tano, mkitembea juani. Hao watatu ndio siku yako, wengine utawapungia mkono.

Na saa nne na mtu si mchezo. Mkurugenzi ambaye ukimtafuta ofisini katibu wake anakupa dakika kumi, tena wiki tatu mbele, kisha anaahirisha, hapa yuko hatua mbili kutoka ulipo anasaka mpira wake majanini. Atakuona ukikosea. Atakuona ukicheka, ukikasirika, ukimjibu kedi anayekubebea fimbo. Atakuona ukiandika mikwaju minne kwenye kadi wakati wote mmehesabu sita. Gofu ina tabia hiyo: katika mashindano ya kawaida refa hakufuati nyuma, mnaaminiana. Ndiyo maana watu wa biashara wanaipenda. Ikifika saa sita mchana mtu anakuwa ameshajua kama anaweza kukukabidhi kazi yake au la, na hakuna aliyetamka neno mkataba.

Sasa fikiria umeanza kunadi huduma zako shimo la pili. Umebakiwa na mashimo 16 ya kutembea na mtu anayekukwepa.

Zungumza mambo mengine. Muulize mwenzako kwa nini amechagua kuchangia upasuaji wa watoto. Watu wengi kwenye hisani wana sababu ya nyumbani, ya mtoto au mzazi, na akikusimulia hiyo umemjua kuliko waliokaa naye vikao vya mwaka mzima. Uliza alianzaje gofu. Akikuuliza unafanya nini, na lazima atauliza, jibu kwa sentensi mbili na unyamaze. Akitaka la tatu ataliomba. Kinachonichekesha ni kwamba mambo haya mnayajua tayari. Kamati ya harusi si ndiyo hii? Mnakutana kwa ajili ya mchango wa mtu mwingine, na mpaka sherehe inaisha umeshajua nani mhasibu mzuri, nani anachelewesha ahadi, nani ana lori. Hakuna aliyesimama kikaoni kutangaza bei zake.

Kuhusu kutojua kucheza, usiogope kupita kiasi. Gofu ina handikapu, kipimo kinachompa mchezaji dhaifu nafuu ya mikwaju, na katika mfumo wa dunia ulioanza mwaka 2020 nafuu hiyo inafika hadi 54. Ndiyo maana mstaafu wa miaka 65 na binti wa miaka 28 wanaweza kushindana kwa haki, jambo ambalo mpira wa miguu hauwezi kukupa. Tena muulize mwandaaji mtacheza mtindo gani. Kuna mtindo ambao wote wanne mnapiga, mnachagua mpira uliokaa vizuri kuliko yote, kisha wote mnapiga tena kutoka hapo. Huo ni wa kwako, mipira yako mibaya itasahaulika. Kuna na ule wa pointi unaoitwa Stableford, kwa jina la daktari Mwingereza aliyeubuni. Ulichezwa Wallasey, Uingereza, mwaka 1932, na umesambaa dunia nzima. Uzuri wake ni kwamba shimo likikushinda unaokota mpira wako, unapata sifuri hapo, mnasonga mbele. Okota bila aibu. Mchezaji mbovu hamuudhi mtu, mchezaji anayechelewesha watu ndiye anayeudhi.

Ukiwa na mwezi mmoja au miwili kabla ya siku, tafuta mwalimu na uwanja wa mazoezi. Dar es Salaam kuna Gymkhana katikati ya jiji na Lugalo, uwanja wa jeshi ambao raia nao wanacheza. Arusha kuna Gymkhana na Kili Golf kule Usa River. Walioko Nairobi wana viwanja vingi hata kuchagua ni kazi, na Mombasa kuna Nyali. Usinunue fimbo, azima au kodi. Vaa fulana yenye kola, suruali ya kitambaa au sketi ya heshima, kofia, jinzi acha. Viatu visivyo na kisigino, maana nyasi zile za kuzunguka shimo zinatunzwa kuliko nyumba za watu.

Na kama miezi huna, au mwili hautaki, usicheze. Omba kujitolea. Meza ya usajili asubuhi ndiyo sehemu pekee ambayo watu wote 144 watapita mbele yako, watataja majina yao na kampuni zao, na watakushukuru kwa kuwapa maji. Mchezaji anakutana na watatu. Wewe wa mezani umeonana na wote, na jioni wakitaka kuuliza jambo watakufuata wewe. Kwa mtu wa biashara changa mimi naiona meza hii ina thamani kuliko fimbo.

Halafu kuna mlango ambao wengi wenu mnaupita bila kuuona: mashindano yenyewe ni mteja. Yanahitaji fulana, mabango, chakula, picha, vikombe, mahema, usafiri. Ukiona gari jipya limeegeshwa kando ya shimo kama zawadi ya atakayeingiza mpira kwa mkwaju mmoja, ujue mara nyingi kuna bima nyuma yake, na kuna wakala aliyeiuza. Kwa hiyo mdogo wangu wa fulana, badala ya kukamua akiba yako ulipie bango la udhamini litakalosimama kando ya shimo la 14 ambako watu wanapita wamechoka, changia kwa kazi yako. Lakini changia kwa akili. Toa ankara yenye bei kamili, kisha onyesha chini kiasi ulichopunguza kwa ajili ya hisani. Ukitoa bure kimya kimya, mwakani watadhani fulana zako hazina bei.

Nimegusia makedi, ngoja nirudi hapo, maana ndipo wengi wanapojianika. Kedi anaujua uwanja, anawajua wanachama, anajua nani hulipa na nani hukopa. Wengine wana umri wa baba yako. Mwamkie shikamoo kama unavyomwamkia mkurugenzi, muulize jina, mwisho mpe chake bila kuombwa. Usimfanye mpelelezi wa kukuambia huyu ana cheo gani na yule anaendesha gari gani. Watu wanaangalia sana unavyoishi naye, na wachezaji wengi wa kulipwa wa Afrika Mashariki walianzia kwenye kubeba fimbo za wengine.

Najua baadhi yenu mnahisi mahali pale si penu. Hisia hiyo haikutoka hewani. Vilabu vya zamani vya huku vilijengwa na wakoloni kwa ajili yao wenyewe. Royal Nairobi ipo tangu 1906, na kwa miongo mingi Mwafrika aliingia viwanjani humo kubeba fimbo, si kushika. Wanawake nasi tulifungiwa milango, hata huko gofu ilikotoka. Augusta kule Marekani ilipokea wanachama wanawake wa kwanza mwaka 2012, klabu kongwe ya St Andrews, Scotland, ilipiga kura ya kuwakubali mwaka 2014, na Muirfield ikafuata mwaka 2017 baada ya kukataa mwaka mmoja nyuma. Juzi tu. Miaka yote hiyo mikataba ilikuwa inazungumzwa humo ndani. Gofu ya hisani ina faida hii, kwamba inamwingiza asiye mwanachama kwa mlango wa mbele. Umelipa mchango wako, una jina kwenye orodha. Ingia umenyoosha shingo.

Baada ya mchezo kuna kinachoitwa shimo la 19, yaani baa ya klabu. Wengi watakuambia mikataba yote hufungwa hapo. Kiasi ni kweli, ila si sababu ya kunywa usichokunywa. Agiza maji au soda kwa sauti ile ile ambayo mwenzako ameagizia bia yake. Wanawake, na hapa nasema kama dada wa tumbo moja, pangeni usafiri wa kurudi kabla hamjatoka nyumbani. Mtu akikuambia mazungumzo ya biashara mtayamalizia hotelini usiku, huyo hana biashara na wewe. Mjibu: "Asante mzee, nitapiga simu ofisini Jumatatu." Jumatatu pigia mapokezi ya ofisi, si simu yake binafsi. Wa kweli atapokea.

Jioni kuna mnada, kuna ahadi. Muziki ukipanda, mshereheshaji akitaja jina la kampuni yako mbele ya watu, mkono unaweza kunyanyuka wenyewe. Panga kiwango chako mchana ukiwa na akili zako, ukiandike, usikivuke. Ahadi ya hisani isiyolipwa inaharibu jina kuliko kutoahidi kabisa, kwa sababu mhasibu wa mashindano anawajua wote waliokuwa mezani. Kama unataka kutoa kidogo na ufurahiwe, asubuhi wanauza mikwaju ya marudio, ukikosea unaruhusiwa kupiga tena. Nunua mmoja na umpe mwenzako aliyepigia mpira majini.

Jambo jingine ni zito kidogo. Kama una zabuni inayosubiri uamuzi kwenye taasisi ya umma, usimlipie afisa wa taasisi hiyo ada ya kucheza, wala usiombe upangwe naye kundi moja. Utasema ni hisani. Mpinzani wako aliyekosa zabuni hatasema hivyo, na kwetu Tanzania Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 haina msamaha kwa sababu hongo ilipitia kwenye nyasi nzuri. Ukimkuta huko, msalimie, sifia mchezo wake, endelea na safari.

Ukisharudi, ndipo kazi inaanza. Ndani ya siku mbili waandikie wale watatu, kila mmoja ujumbe wake, ukitaja kitu mlichozungumza ninyi tu. Kama ulipiga picha nzuri ya kundi, itume. Kama uliahidi kumtafutia mtu namba ya fundi, mtumie namba ya fundi. Ahadi ndogo iliyotimizwa haraka inauza kuliko profaili ya kurasa 20. Kundi la WhatsApp la mashindano usiligeuze ubao wa matangazo. Wiki moja au mbili zikipita, mwombe kila mmoja dakika 20 ofisini kwake, na hapo sasa zungumza biashara waziwazi, bei na kila kitu. Hatashangaa. Wengine hawatakujibu, na hiyo ni kawaida. Kati ya watu watatu ukipata mmoja wa kuzungumza naye tena, siku yako imelipa.

La mwisho, msiwe watu wa kutumia jina la wagonjwa kama ngazi. Kuna mashindano ambayo chakula, muziki na zawadi humeza mchango wote, watoto wakabaki kwenye bango tu. Kabla hujalipa ada au kuchapa fulana moja, muulize mwandaaji mwaka jana zilipatikana shilingi ngapi baada ya gharama na zilikabidhiwa kwa nani. Mwandaaji mwema atakuonyesha karatasi. Asiyeweza kukujibu, usimpe jina la kampuni yako.