Tuwakinge Vifaranga wa Kambare na Maradhi

Katika wilaya yetu ya Mbinga wako wananchi wenye mabwawa ya samaki. Vifaranga wa kufuga hupatikana kwenye vituo kama Ruhila, kule Songea. Lakini wengine wetu tunapenda kutotolesha wenyewe. Ni jambo jema. Ila tumeona fedha ya kahawa ikipotea kwa siku mbili tu: mayai yameota ukungu kama pamba, yote yakamwagwa. Kwa nini?

Mtazame perege. Mama hutunza mayai mdomoni. Huyageuzageuza ili maji mapya yayapitie. Kambare hana habari hiyo. Akishataga huenda zake. Kwa hiyo, kwenye chombo cha kutotoleshea, mama ni wewe. Fanya hivi:

1. Maji yatembee. Maji yaliyosimama huishiwa hewa. Yachuje kwa kitambaa safi.

2. Ondoa mayai yaliyokufa. Yai zima hung'aa. Lililokufa huwa jeupe. Ukungu huanza kwenye lililokufa, kisha hushika mazima. Ni kama kitalu cha kahawa: mche mgonjwa hauachwi katikati ya wenzake.

3. Chagua majira. Maji yenye joto la nyuzi 28 huangua mayai kwa siku 1 hivi. Baridi yetu ya Juni na Julai huyachelewesha, na ukungu hupata nafasi.

4. Usilishe ovyo. Siku 3 hivi za kwanza kifaranga hutumia kiini cha yai lake. Baadaye mpe chakula kidogo kidogo. Makombo yakioza, maji yanaharibika. Yatoe asubuhi na jioni.

5. Osha ndoo na nyavu, uzianike juani. Usichanganye vifaranga na samaki wa mtoni au wa Ziwa Nyasa. Huenda wamebeba wadudu wa maradhi.

Wengine watauliza, "Mbona tusitie vidonge vya rangi mbili?" Hapana, ndugu. Dawa hiyo haiui ukungu. Tena vijidudu vingine huizoea, na siku mtoto wako akiugua huenda isimsaidie. Ukizidiwa, mwone bwana samaki au bibi samaki wa wilaya.

Dawa ya kwanza ni usafi, nayo haiuzwi dukani.

Maswali ya kujadiliana:
1. Perege humfanyia nini yai lake ambacho kambare hafanyi?
2. Kwa nini yai jeupe liondolewe mapema?
3. Kijijini kwenu, maji safi ya kutotoleshea mtayapata wapi?