Nguo Zikauke, Roho Zibaki

Leo tunaongelea umeme na nguo mbichi. Usicheke! Ni jambo linaloua.

Wakati wa masika, sare uliyofua Jumapili haikauki upesi, uwe Musoma, Bunda au Butiama. Wengi hukimbilia pasi. Wachache wenye uwezo hununua mashine ya kukaushia nguo. Sasa tuseme baba anaongeza chumba cha nyuma, na fundi anataka kuvuta soketi kutoka kwenye waya wa taa ili kupunguza gharama. Je, ni sawa? Hapana! Tupige hesabu.

Umeme wa nyumbani ni volti 230. Kumbuka fizikia: wati gawanya kwa volti, unapata ampea.

• Balbu ya wati 10: ampea 0.04
• Pasi ya wati 1,200: ampea 5.2
• Mashine ya wati 2,500: karibu ampea 11

Waya wa taa kwa kawaida ni wa milimita za mraba 1.5, na breka yake ni ndogo. Ukiwasha mashine, breka inaweza kukata. Inakulinda! Noma inaanza mtu akiweka breka kubwa au kufunga fyuzi kwa kipande cha waya. Hapo waya ukizidiwa unaweza kuchemka ndani ya ukuta, mpira ukayeyuka, nyumba ikawaka.

Kumbuka pia: ampea 0.02 tu zikipita mwilini hukaza misuli, ukashindwa kuachia waya. Mikono ikiwa na maji, umeme hupita kirahisi zaidi.

Zingatia haya:

1. Mashine iwe na laini yake kutoka kwenye boksi la breka: waya wa milimita za mraba 2.5 na breka ya ampea 20.
2. Ethi (waya wa kijani na njano) ifike kwenye soketi na kwenye fimbo iliyochimbiwa ardhini.
3. Kiwepo kifaa kinachokata umeme ukivuja milliampea 30.
4. Fundi awe na leseni ya EWURA. Mwambie mzee kwa heshima: "Baba, naomba tumuulize fundi leseni yake."
5. Usianike nguo kwenye waya wa chuma uliofungwa kwenye bati. Waya wa umeme ukichubuka darini, bati na kamba yako vyote vina umeme. Tumia kamba ya nailoni, ifunge kwenye miti.

Mwenzako akipigwa shoti, usimshike! Zima meinswichi kwanza. Ikishindikana, msukume kwa mti mkavu ukiwa umesimama pakavu. Kama hapumui, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku wengine wakitafuta usafiri wa hospitali.

Kazi kwako: leo jioni, angalia kamba ya nguo nyumbani. Imefungwa wapi? Ni ya nini? Usiiguse kama una wasiwasi, mwite mkubwa. Tukutane toleo lijalo!