Mkono Mtupu Haulambwi: Vyuo vya Kajiado na Ushindani wa Fedha za Utafiti wa Elimu ya Sayansi

Makala haya yanajadili swali moja: chuo kidogo kinachohudumia jamii iliyoachwa nyuma kitawezaje kushindania fedha za kutafiti ufundishaji wa sayansi?

Sheria haikosekani. Kifungu cha 56 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinaiagiza serikali iwape walio wachache na waliotengwa nafasi maalumu katika elimu. Nayo Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 iliunda Hazina ya Kitaifa ya Utafiti. Hata hivyo, nafasi maalumu na fedha za utafiti hazijakutanishwa vya kutosha. Hazina ya Usawazishaji iliyo katika kifungu cha 204 inataja maji, barabara, afya na umeme, utafiti haukutajwa.

Kajiado haina uhaba wa maswali ya kisayansi. Iko magadi ya Ziwa Magadi. Yako maji ya visima yenye floridi inayotia meno rangi ya kahawia. Ziko mbuga za Kitengela, ambako wanyama wa Hifadhi ya Nairobi hutoka kutafuta malisho na kukuta nyua na ploti. Hiyo ni maabara isiyo na paa. Kinachopungua katika vyuo vidogo ni muda wa mhadhiri aliyelemewa na vipindi, ofisi ya kusimamia ruzuku, na rekodi ya tafiti zilizotangulia. Mtathmini huuliza, “Mmewahi kufanya nini?” Asiyewahi kupewa atajibu nini? Mkono mtupu haulambwi.

Tiba ya kwanza ni ruzuku ndogo za maandalizi, zishindaniwe na vyuo vya hadhi moja. Wakfu wa Kitaifa wa Sayansi wa Marekani ulianzisha mpango wa vyuo vya kihistoria vya Waamerika Weusi mwaka 1998, na wa vyuo vya makabila asilia mwaka 2001. Pili, ushirikiano na vyuo vikuu vya Nairobi uwe wa haki: chuo cha Kajiado kishike swali la utafiti na sehemu ya bajeti, kisigeuzwe tarishi wa kusambaza hojaji.

Tatu, na hapa ndipo tunapoingia sisi wanafunzi wa Kiswahili, andiko la kuomba fedha ni utanzu wenye kanuni zake: tatizo lililo bayana, hoja zenye mshikamano, na msomaji anayelengwa. Stadi hizo tunazifundisha kila siku. Isitoshe, mtoto wa Kajiado aghalabu husikia Kimaa nyumbani na Kiswahili sokoni, kisha hutahiniwa sayansi kwa Kiingereza. Utafiti wa elimu ya sayansi usioichunguza safari hiyo ya lugha umeacha nusu ya tatizo.

Kwa hiyo, tunapendekeza idara za Kiswahili zijitolee kuwa washirika wa walimu wa sayansi katika maandiko hayo. Vyuo vya Kajiado visiposaidiwa kuuliza maswali yao, wataulizwa wengine kwa niaba yao, na majibu hayatarudi Kajiado.