Metali Inayopanda Kwenye Mkakao

Mti hula kwa mizizi. Hauchagui kama mama anayepepeta mchele na kutupa mawe. Vitu vingi vilivyoyeyuka katika maji ya udongo vyaweza kuingia mizizini.

Metali moja huingia hivyo kwenye mkakao. Jina lake ni kadimi. Haina harufu wala huioni. Mti waweza kuwa mzuri, umejaa matunda, kumbe kadimi imeshapanda hadi ndani ya mbegu. Ukiosha, haitoki. Hata kiwandani wakikaanga, haitoki. Mtu akiila, hukaa katika figo miaka 10, hata 30. Ikizidi, figo huharibika na mifupa hudhoofika.

Kwa sababu hiyo Umoja wa Ulaya uliweka kikomo tangu tarehe 1 Januari 2019. Chokoleti nyeusi, yaani yenye kakao nusu au zaidi, isiwe na kadimi zaidi ya miligramu 0.80 katika kilo moja. Ni kiasi gani hicho? Katika tani nzima ya chokoleti, kadimi yote haifiki hata gramu 1. Ni kama chumvi unayochota kwa vidole vitatu!

Waliobanwa zaidi ni wakulima wadogo wa Ekwado, Peru na Kolombia. Katika sehemu kadhaa za nchi hizo, kadimi imo ardhini kwa asili, imetokana na mawe. Hawakuitia wao, lakini wanunuzi hupima mbegu zao.

Sisi wa Kyela nasi kakao yetu huuzwa nje, na ghalani mbegu za wengi huchanganywa. Basi tujue kadimi inavyokwenda.

Udongo mchachu huiachia kadimi, maji yakaibeba. Udongo usio mchachu, wenye mboji nyingi, huishika. Ndiyo maana chokaa husaidia, kwani hupunguza uchachu. Lakini usikimbilie kununua chokaa! Kwanza udongo upimwe. Muulize bwana shamba. Kumwaga chokaa bila kipimo ni kutupa fedha.

Mbolea za fosfeti hutengenezwa kwa mawe yanayochimbwa, na baadhi ya mawe hayo yana kadimi. Soma maandishi ya mfuko, uliza kabla ya kununua. Betri kuukuu na takataka za plastiki usizichome wala kuzifukia shambani.

Majani nayo yakianguka hurudisha kadimi juu ya udongo, palepale mizizi mingi ya mkakao inapokula. Je, tuyafagie yote? Hapana. Majani hayo ndiyo mboji ya shamba lako. Pale ambapo vipimo havijaonyesha kadimi nyingi, yaache.

Iko metali nyingine, risasi. Hii njia yake kubwa si mizizi. Huja na vumbi na moshi, ikanata kwenye ganda la mbegu wakati wa kuanika. Wako wanaoanika kakao kando ya barabara, magari yanapita, vumbi linatua. Anika juu ya kichanja, kwenye jamvi safi, mbali na barabara. Kazi hii haingoji kipimo, na miti ya kichanja tunayo.

Maswali ya kujadili darasani: Kwa nini kuosha mbegu hakuondoi kadimi? Katika kijiji chenu kakao huanikwa wapi, na nani anaweza kuhamisha kichanja chake wiki hii?